Ombi la Kumhamisha Daktari Subiri wa Chumba cha Matiti

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali, ambaye pia ni mwanangu wa nyumba ya tatu kutoka kwangu,

Shikamoo yako sijaipata tangu ulipopewa ofisi yenye mapazia mawili. Basi naitikia kabla hujaamkia: marahaba. Hilo tumelimaliza, tusiharibu karatasi.

Lakini sijamaliza. Mwaka mzima hujakanyaga mlango wangu. Ulipokuwa ukienda kazini kwa miguu ulikuwa unasimama dirishani kwangu, unakunywa chai ukiwa wima kama mlinzi wa benki, unaniuliza goti linaendeleaje, unaondoka huku bado unatafuna. Siku hizi gari linapita, vioo vimepandishwa, wewe umeinamia simu kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka kwenye zulia. Goti lipo. Linakuulizia.

Sasa tuje kwenye kazi. Hii siyo barua ya goti. Hii ni barua ya malalamiko, na nataka iwekwe kwenye faili la malalamiko, siyo kwenye lile droo unaloweka barua za watu unaowapenda.

Anayeandika ni mkamwana wangu, mke wa kijana wangu wa pili. Mimi shule niliipita kwa nje tu. Yeye ni fundi cherehani, na mwandiko wake umesimama kama pindo la suruali mpya, ila ana tabia moja mbaya: nikitamka neno kali, analilegeza. Kwa hiyo popote utakapokuta neno laini, likaze mwenyewe. Na huyu huyu ndiye mgonjwa ninayemlalamikia daktari wake, kwa hiyo usiseme umeletewa maneno ya mtaani.

Kazi yangu mimi unaijua, maana wewe ni ushahidi wake. Ulipozaliwa, siku ya nne matiti ya mama yako yaligeuka mawe. Ulilia mpaka ukawa rangi ya biringani. Nani aliitwa? Niliitwa mimi, na beseni langu, na maji ya moto, na kile kitambaa cheupe. Nilimkanda mama yako asubuhi na jioni, maziwa yakafunguka, ukanyonya ukasinzia na mdomo wazi. Hilo tumbo unalolitanguliza kwenye mikutano lilianzia mikononi mwangu. Miaka arobaini na kitu nimekanda wazazi wa mtaa huu, na sikuwahi kuandikiwa barua na mtu. Leo naandika mimi.

Mlalamikiwa ni yule daktari binti uliyemweka kwenye chumba cha mwisho wa korido, chenye mlango wa kijani, anayevaa viatu vya raba visivyotoa sauti, ili akufikie hujajiandaa. Wagonjwa wanamwita Daktari Subiri, kwa sababu ukimwuliza lolote, jibu lake ni hilo. Naomba umhamishe. Sababu ni hizi.

La kwanza. Daktari huyu hakati.

Mkamwana alipata uvimbe kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa. Ulianza kama bobini ya cherehani. Mwezi ukapita ukawa kama kibiringo cha uzi. Kisha titi likawa jekundu, likawaka moto, likatoboka lenyewe pembeni, likaanza kutoa usaha. Na mtoto wake wa mwisho ana miaka mitatu, alishaacha kunyonya zamani, anakula mkate na kubishana na wakubwa. Akawa hawezi kunyoosha mkono kukata kitambaa. Magauni sita ya harusi ya watu yananing'inia ukutani hayana mikono.

Nikampeleka kwako. Sikwenda kama mtu asiyejua hospitali. Nilifunga shuka mbili, sabuni, kikombe, kanzu ya kulalia, na ndoo, maana najua ndoo za wodini huibiwa, ukiwa na yako unalala bila wasiwasi. Nilijiandaa kwa wiki nzima ya kukatwa, kushonwa na kulilia dawa ya maumivu. Ndoo niliibeba kichwani mtaa mzima ukaniona, na kila aliyeuliza nilimjibu: tunakwenda kukatwa.

Daktari wako akampaka titi mafuta ya baridi, akalipitishia kile kimashine chenye picha ya kijivu, kisha akavuta usaha kwa sindano. Halafu akampiga ganzi, akachukua sindano nyingine nene inayolia ka, kama mashine ya kubania karatasi. Akatoa kinyama chembamba, mwanangu, chembamba kama uzi wa kutungia vifungo. Akatoa vinne. Akaviweka kwenye vichupa, akaandika majina, akabandika plasta, akasema nendeni nyumbani, mrudi baada ya wiki mbili.

Nikamwuliza, na kukata? Akasema, bibi, ugonjwa huu tunaouwazia ukiukata haraka unaweza kuacha kidonda kisichofunga, na uvimbe ukarudi palepale. Tujue kwanza ni nini. Subiri.

Nikarudi na ndoo kichwani, kavu. Mtaa mzima uliniona tena.

La pili. Daktari huyu amewaaibisha watu waliokuwa wameshajiandaa kuhuzunika.

Wiki mbili ni nyingi. Vile vinyuzi vilipokuwa kwenye maabara yenu, maabara ya mtaani ilishatoa majibu siku hiyo hiyo: kansa. Sikuwalaumu, hata mimi nilikuwa nimelifikia neno hilo, nililikalia tu lisitoke. Wakaanza kuja. Mmoja alimletea mgonjwa maua ya plastiki. Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuja akakaa mbele ya cherehani, akawa anaipapasa kama paka, akauliza ni ya miaka mingapi. Mteja mmoja, yule mwenye duka la simu, alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa, akasema kwa upole kabisa kwamba hataki kuja kusumbuana na warithi.

Majibu yakaja. Siyo kansa. Siyo TB pia, maana nayo waliitafuta, walipima mpaka makohozi. Ni ugonjwa mwingine wa kuvimba na kuwaka kwa ndani, wa muda mrefu, unaojifanya kansa kwa sura na kwa tabia mpaka hata madaktari wanashtuka, lakini hauui na haumwambukizi mtu.

Sasa jiulize wale watu wameachwa wapi. Wifi ameacha kupita hapa. Mwenye duka la simu amerudi na kitambaa amekificha chini ya mkate, anasema alikichukua kukifua. Mtu hujiandaa, hukaza uso, hupanga maneno, kisha daktari mmoja anakuja kusema haikuwa hivyo. Sisi tulicheka mpaka mkamwana akashika ubavu, lakini kucheka siyo sababu ya kumsamehe daktari. Kama mnajua kwamba kujua kunachukua wiki mbili, wekeni bango mlangoni: msianze kulia.

La tatu. Daktari ametupa ugonjwa usio na wa kulaumiwa.

Jina lake lina urefu wa treni, sitalitaja, mkamwana analo kwenye karatasi. Nikasema sawa, jina si kitu, tuambie basi umetoka wapi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikwenda na washukiwa wanne kichwani. Wa kwanza ni sidiria yenye waya. Wa pili ni mtoto, ambaye aliwahi kumng'ata mama yake alipokuwa akiota meno. Wa tatu ni cherehani, kwa sababu inatikisa kifua kutwa. Wa nne ni wifi, kwa namna alivyolisifia gauni la njano la mkamwana kwa jicho la husuda. Daktari alinisikiliza wote wanne, hakuniharakisha, hata kichwa alitikisa. Kisha akasema hakuna hata mmoja mwenye hatia. Akasema huwapata zaidi wanawake waliozaa na kunyonyesha miaka michache nyuma. Askari wa mwili wanaamka, wanaona adui pasipo adui, wanaizingira nyumba yao wenyewe. Kwa nini, bado wataalamu hawajui. Si kosa la mtu.

Mganga Mkuu, mimi ni mtu mzima. Si kosa la mtu ni jibu gani? Ugonjwa nikiupeleka nyumbani bila mwenye kosa, niuweke chumba gani? Nyumba yangu ina watu wanane, kila kitu humo kina mwenye kosa, hata maji yakikatika tunajua wa kumtazama. Naomba ofisi yako ituandikie chanzo kabla ya mwisho wa mwezi. Siulizi cha kweli. Chochote chenye muhuri.

La nne. Mkamwana amekataa kuliandika. Lilimhusu mume wake na jinsi alivyozimia kwa kuiona plasta. Basi, achana nalo.

La tano. Vidonge.

Baada ya kujua ugonjwa, daktari alimpa vidonge vidogo vya kuwatuliza hao askari, vingi mwanzoni, kisha anavipunguza kidogo kidogo mwezi hadi mwezi. Akamwonya asiviache ghafla hata akijiona mzima. Inaelekea kuachana na vidonge hivi kuna mashauri na vikao, kama kuachana na mume. Kila akienda anapimwa sukari, anapimwa presha, anaulizwa amelala vipi.

Kidonda kilipungua, sikatai. Uvimbe ulianza kunyauka, sikatai. Lakini angalia walichomfanya usoni. Mkamwana wangu alikuwa na mashavu yake mawili ya kawaida. Sasa yamejaa, yamekuwa duara, anang'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Na anakula. Mkate mzima na supu, akimaliza anaangalia sahani ya mwenzake. Hakuna mtu anayeamini kwamba anaumwa. Shangazi yake alisafiri siku nzima kuja kumjulia hali, akamtazama, akanitazama mimi niliyekonda kwa mawazo, akanipa mimi ile chupa ya asali. Wateja wawili wameomba wapewe jina la vidonge ili nao wanenepe kidogo kabla ya harusi. Niliwafukuza kwa ufagio, na nilifanya kazi hiyo bila msaada wowote wa hospitali.

Nilipomlalamikia daktari, akasema mashavu yatarudi vidonge vikipungua. Nikauliza lini. Unajua alivyojibu.

La sita. Titi la mpira.

Siku ya kliniki, kabla ya kuanza kuita majina, daktari huweka mezani titi la mpira. Rangi yake si ya binadamu yeyote ninayemjua. Anawaambia wanawake walibonye kwa ncha za vidole, taratibu, wazungushe, watafute vinundu vilivyofichwa ndani, ili wajue kuyapima ya kwao nyumbani. Wanawake wanachekacheka, wanabonya kama wanabonya kengele ya tajiri, wanasema wamepata kimoja, wengine viwili. Nesi anasema viko vinne, kiwandani wameweka vinne, imeandikwa kwenye boksi.

Mimi nimekaa kwenye benchi, nimeshika mkoba wa mkamwana, naona tusi. Miaka arobaini nimeshika matiti yenye damu na maziwa na maumivu ndani yake, leo nije kufundishwa kwa kitu kilichotoka kwenye boksi. Nikasimama. Nikafumba macho. Nikalipitia mara moja, kama ninavyopitia la mzazi, kuanzia kwapani kuja ndani. Nikasema viko vitano.

Nesi akacheka. Benchi likacheka. Nesi akalileta boksi nilione, kana kwamba boksi likinitazama litanifundisha kusoma.

Daktari wako hakucheka. Alikuja na vile viatu vyake, akaniambia, nionyeshe, bibi. Nikamshika kidole nikakipeleka chini kabisa, karibu na ukingo, palipo na kitu kidogo kama punje ya mtama. Akabonya. Akabonya tena. Akawaambia watu wote kwamba ni kweli kipo, huenda ni mpira ulioganda vibaya kiwandani, na kwamba yeye ameshika titi hilo miaka miwili hajakiona. Kisha akanigeukia mbele ya benchi zima, akauliza mikono hii imefanya kazi gani.

Hilo ndilo ninalomlalamikia. Haulizwi mtu swali kama hilo mbele za watu. Kwa sababu kulikuwa na jibu moja tu, na mimi na mkamwana tulikuwa tunalijua, na tulikuwa tumeshalisemea uongo.

La saba ndilo lililonifanya niandike. Haya mengine yamekuja kulisindikiza.

Faili la mkamwana, lililoko kwenye kabati la hospitali yako, lina uongo.

Siku ile ya kwanza, siku ya ndoo, daktari alipofungua nguo aliona ngozi ya titi imebabuka, imekuwa nyeusi, kwa umbo la kitambaa kilichokunjwa. Akauliza, je, umekandwa kwa maji ya moto? Mimi nilikuwa nimekaa pale, mikono mapajani. Mikono yangu haijawahi kuwa mizito hivyo. Mkamwana akajibu kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vifungo: hapana, daktari, niliegemea pasi.

Daktari aliitazama ngozi. Akaitazama mikono yangu, na hiki kidole gumba kilichopinda kwa kukamua vitambaa. Akainamisha kichwa, akaandika: pasi.

Sasa andika, mkamwana, usilegeze. Hakukuwa na pasi. Nilimkanda mimi. Siku ishirini na moja, asubuhi na jioni. Nilidhani ni maziwa ya zamani yaliyoganda. Miaka yote uvimbe wa titi ulikuwa maziwa, sikujua kuna wa aina nyingine. Uvimbe ulipokataa kulainika, niliongeza maji moto. Ulipoendelea kukataa, nilibinya. Alikuwa anauma pindo la shuka asinipigie kelele, na mimi nikajisemea mikono yangu bado ina nguvu. Mpaka asubuhi lilipotoboka mkononi mwangu nikaona ule usaha, na hapo ndipo nilipofunga ndoo.

Kalamu imesimama. Nimemwambia aendelee. Anasema daktari anajua. Anasema alijua siku ile ile, na kliniki ya pili, mimi nilipokuwa nje namchungia mkoba, alimwambia taratibu kwamba kukanda hakukuleta ugonjwa huu, ungekuja tu, lakini kumeunguza ngozi na kumewapotezea wiki tatu za matibabu. Na kwamba akipenda, faili laweza kubaki na pasi.

Nimemwuliza, kwa nini hukuniambia? Na kwa nini ulisema pasi, wakati ni mimi niliyekuunguza?

Amejibu, na nimemwamuru aandike jibu lake kama alivyolisema, asipunguze neno: "Mama, ningesema ni wewe, ungeona aibu ukanyanyuka ukaenda. Nani angenishika mkono ile sindano ikilia?"

Hapo tumepumzika kidogo. Mtoto ametukuta tumeinama, ameleta bobini tupu zote tatu akidhani ndizo tunazotafuta.

Tumerudi. Kwa kuwa daktari wako amekubali uongo kuingia kwenye faili kwa huruma, na kwa kuwa huruma haina safu kwenye karatasi zenu, nadai kama ifuatavyo.

Neno pasi lifutwe. Pasi yetu ni nzima, ina adabu, haijamuunguza mtu tangu inunuliwe, na imechafuliwa jina bure. Paandikwe bibi.

Daktari Subiri ahamishwe haraka, yeye asisubiri. Nimefikiria pa kumpeleka. Apelekwe ofisini kwako, kwenye meza ya kujibu barua, maana nasikia huko ndiko barua zinakosubiri vizuri zaidi nchini. Atajisikia nyumbani.

Na kile chumba kifungwe. Tangu kifunguliwe, wanawake wananijia na uvimbe, nanyanyua beseni, halafu mikono inasita. Sikuwahi kusita maishani. Nilikuwa najua. Sasa kabla sijatia kitambaa majini nauliza maswali kama daktari: umezaa lini, unanyonyesha, uvimbe una siku ngapi, una homa. Beseni linapoa nikiwa bado nauliza. Nani alinipa maradhi haya ya kuuliza? Ni chumba chenu. Kilinikuta nina uhakika, kimeniacha na maswali, na mtu wa umri wangu hapaswi kuanza upya.

Msalimie mkeo, na mwambie ile sketi aliyoileta mwaka jana iko tayari, ilikosa tu mkono wa kuinua mkasi, na mkono umerudi. Wasalimie watoto, yule mkubwa mwenye miwani mwambie namwona akiruka ukuta. Msalimie nesi wa boksi. Msalimie mlinzi wa getini aliyenitwisha ndoo siku ile ya kurudi na hakuuliza mbona kavu. Mama yako nilimwona jana, anatembea vizuri kuliko wewe.

Ni mimi niliyekasirika na wewe kwa sababu nakupenda, nisiyekuogopa kwa sababu nilikubeba,

Bibi Kanda, wa dirisha la bluu.

Nyongeza. Barua hii ilikaa siku tatu mezani kwa kukosa bahasha, na katika hizo siku tatu ilikuwapo kliniki, kwa hiyo mambo kidogo yamebadilika.

Kidonda kimefunga. Daktari amekibonya huku na huku, hakikutoa hata tone. Uvimbe umebaki kama harage, na anasema unaweza kwisha, unaweza kurudi, unaweza hata kuhamia upande wa pili, tutaendelea kumwangalia. Vidonge vimepunguzwa tena. Yale magauni sita yameshapata mikono. Kabla hatujatoka nilimwambia daktari mwenyewe, kwa mdomo wangu, mlango ukiwa wazi na benchi likisikia, kwamba hakukuwa na pasi. Hakushtuka. Alifungua faili, akakata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika juu yake na kutusomea: alikandwa nyumbani na mama mkwe wake, ambaye ndiye aliyemleta hospitali. Nikamwomba asome tena hayo maneno ya mwisho. Akasoma tena.

Basi usimhamishe. Ukimhamisha nitakuja kukaa kwenye hiyo ofisi yako, kati ya mapazia, na ndoo yangu.

Na chumba usikifunge. Kiongezee benchi, lenye pa kuegemea. Wiki hii wamekuja kwangu watano. Mmoja ana mtoto wa siku nne na matiti ya mawe, huyo ni wangu, nimemkanda kwa maji ya vuguvugu na ameondoka anacheka, na nimemwambia akipata homa asirudi kwangu, aende mlango wa kijani. Wanne waliobaki hawana mtoto wa kunyonya, wana uvimbe tu. Sikugusa beseni. Watafika kwenu Jumanne asubuhi wakiwa wameongozana, mmoja amevaa kilemba chekundu, huyo ni mwoga, aanze yeye. Nimewaambia kwamba huko wataambiwa wasubiri, na kwamba wasubiri.

Barua nilitaka kuichana, lakini mwandiko umependeza mno.

Nawe ukija, pita mlango wa uani, chumba cha mbele kimejaa vitambaa. Lile titi la mpira ulilete, ulibebe wazi, usilifiche kwenye mfuko mweusi kama kitu cha wizi, na boksi liache hukohuko. Utanawa mikono, utakaa kwenye kigoda, utafumba macho. Chai nitaimimina ukishakipata cha tano.